Makochi ya Bibi Harusi

Habari kwamba tume ya nyumba itapita mtaa wa Kinu siku ya Jumatano ilimkuta Keltum mikono yake ikiwa ndani ya unga. Aliyeileta alikuwa jirani yake, mama Hadda, ambaye mpwa wake hufagia ofisi za wilaya na kwa hiyo hujua mambo ya serikali kabla ya serikali yenyewe.

"Jumatano asubuhi," mama Hadda alinong'ona, ingawa hapakuwa na mtu mwingine uani. "Watu watatu. Wanaingia, wanatazama, wanaandika, wanaondoka. Wataanza kwangu, kisha waje kwako."

Keltum alikaa palepale chini, unga na mikono yake vikabaki hivyo hivyo. Ulikuwa mwaka wa kumi na mmoja tangu mumewe, Bujemaa, apeleke faili la kuomba nyumba ya serikali. Walipolipeleka walikuwa wawili. Sasa walikuwa watano, wote katika chumba kimoja cha nyumba ya kizamani yenye ua mmoja na familia nne, na ukuta wao wa nyuma ulikuwa umeegemea mlima. Mvua ikinyesha juu ya mji, maji yalipenya ndani ya ukuta ule taratibu, na kuvu nyeusi ikapanda kutoka sakafuni hadi usawa wa kifua cha mtu mzima. Mtoto wao wa mwisho, Unisa, mwenye miaka sita, alikuwa na pumu. Daktari wa hospitali ya mji alikuwa amemwambia Keltum waziwazi: "Dawa nitakupa, lakini dawa yake hasa ni kuhama. Akipitisha majira ya baridi mengine mawili humo ndani, mimi sikuahidi kitu." Akaandika barua, akaipiga mhuri, akasema waionyeshe wanaohusika.

Mtu mwenye akili angeiacha kuvu ijieleze yenyewe. Angewakalisha wale watu watatu kwenye mkeka uliotoboka, akamweka mtoto mbele yao akohoe. Lakini sisi watu wa nyanda hizi za juu za Aljeria hatukulelewa hivyo, na sioni haya kusema kwamba malezi yetu yametugharimu. Kwetu, kukutwa na mgeni huna kitu kunauma kuliko kutokuwa na kitu kwenyewe. Keltum hakuwaza hata mara moja kwamba watu wa tume hawakuwa wageni. Mtu akivuka kizingiti chako ni mgeni, awe amekuja na keki au na kalamu.

Jumatatu Bujemaa hakwenda kibaruani. Alinunua chokaa, akapaka ukuta mara tatu mpaka kuvu yote ikazama chini ya weupe. Jumanne Keltum alivuka ua kwenda kwa mama Hadda kuomba birika la shaba na vikombe sita.

"Birika tu?" mama Hadda alisema. "Na watakalia nini, mwanangu? Magoti yao?"

Akachukua ufunguo uliokuwa shingoni mwake, akafungua kile chumba cha pili.

Watu wote wa ua ule walikijua chumba hicho, ingawa wachache walikuwa wamekiona ndani. Kilikuwa cha Lazhar, mtoto wa kiume wa mama Hadda, fundi bomba mwenye miaka thelathini na tisa, aliyechumbia miaka sita iliyopita na bado hajaoa, kwa sababu baba wa msichana aliapa kwamba binti yake hataolewa akaishi uani kwa watu. Harusi ilikuwa inasubiri nyumba, na nyumba ilikuwa inasubiri serikali. Wakati huo mama Hadda alikuwa amekusanya vitu kimoja kimoja: kitanda, makochi mawili ya rangi ya divai, zulia, friji. Vyote vilikuwa bado vimefunikwa nailoni. Hapana makalio yaliyowahi kugusa makochi yale. Familia nzima ililala chumba cha kwanza, watu watano kama dagaa, ili kitanda kile kibaki kimsubiri mwenyewe.

"Mama Hadda, haiwezekani," Keltum alisema. "Hivi ni vya bibi harusi."

"Bibi harusi yuko wapi? Chukua. Mpaka kesho tu, kisha virudi. Na friji pia. Jirani ni wa siku gani?"

Keltum alimbusu kichwani huku machozi yakimlengalenga. Vitu vilivuka ua jioni ile, na Bujemaa na Lazhar wakavibeba wakitaniana kwamba ndoa imekosea mlango.

Jumatano asubuhi Unisa alipelekwa kwa shangazi yake, upande wa pili wa mji, ili kikohozi chake kisiwasumbue wageni. Bujemaa alivaa koti la harusi yake, linalonuka nafthalini ya kufukuzia nondo. Keltum aliitia barua ya daktari kifuani.

Tume ilikaa kwa mama Hadda dakika tano, kisha ikaja. Mbele alikuwa mkuu wao, Azedin, mwanamume mnene mwenye pumzi fupi. Nyuma yake alikuja mwanamke aliyebeba mafaili, na wa mwisho alikuwa bwana mmoja mwenye kamera ambaye hakusema neno mpaka walipoondoka.

"Karibuni, karibuni! Msivue viatu, wallahi msivue!" Bujemaa aliwapokea kama ndugu waliorudi kutoka Makka.

Walikaa kwenye makochi ya rangi ya divai. Keltum alileta kahawa yenye maji ya maua ya mchungwa, na sinia la makrudi, zile keki ndogo za tende, alizokesha kuzikaanga. Azedin alikula moja, akala ya pili, akafumba macho.

"Mikono yako isiumie, mama," alisema. Kisha akamgeukia Bujemaa. "Watoto wangapi?"

"Watatu, Mungu atuwekee."

"Na hapa mnaishije? Mna taabu gani?"

Bujemaa aliweka mkono moyoni. Ndivyo alivyofundishwa na baba yake, na baba yake na babu yake.

"Taabu? Hatuna taabu, bwana. Alhamdulillahi. Kuta nne na afya, binadamu anataka nini zaidi?"

Mwanamke wa mafaili aliandika. Keltum aliisikia barua ikikwaruza chini ya nguo. Alitaka kuitoa. Lakini utatoaje ugonjwa mbele ya watu wenye makrudi mdomoni? Wakimaliza kahawa, alijiambia. Wakamaliza. Wakisimama, alijiambia. Wakasimama. Mwanamke wa mafaili akainama kidogo kutazama pale ukuta unapokutana na sakafu, ambapo unyevu ulikuwa umeanza kutoa doa la kijivu kwenye chokaa, na Keltum, kwa aibu tu, bila kuwaza, akausogeza mto ukafunika.

Kamera ilimulika mara nne. "Mungu aizidishie heri nyumba hii," alisema Azedin mlangoni, na Keltum akamfungia makrudi zilizobaki kwenye kitambaa.

Walipopotea kwenye kona alimshika Bujemaa mkono. "Umeona walivyotupenda?"

"Nimeona," alisema Bujemaa, naye alikuwa anacheka kama mvulana.

Orodha ilibandikwa mwezi wa tatu. Siku ya orodha kwetu maduka hufungwa, polisi hupangwa mbele ya ofisi ya wilaya, na kabla ya adhuhuri lazima pawepo na matairi yanayoungua mahali fulani. Keltum alisimama na wanawake upande wa pili wa barabara, na Bujemaa akajipenyeza mpaka ukutani. Alisoma majina yote mia mbili na arobaini. Akayasoma tena kutoka chini kwenda juu. Aliporudi uso wake haukuwa na rangi.

"Labda wameandika vibaya," Keltum alisema.

"Hatumo. Lazhar yumo. Namba themanini na saba."

Dirisha la rufaa lilikuwa na foleni ya kuzunguka jengo. Zamu ya Keltum ilifika siku ya tatu. Karani, kijana mwenye miwani na mafua, alifungua faili lao, akalisoma, akaanza kutabasamu.

"Mama, kwenye hali ya makazi mmepata alama nane kati ya hamsini. Nane! Sikiliza: chumba kikavu, kimepakwa rangi karibuni. Makochi mawili mapya, friji, zulia la sufu. Hakuna mgonjwa. Mwombaji ametamka mwenyewe kwamba hana taabu." Akainua picha. "Hata mimi ningehamia kwenu."

Watu wa foleni nyuma yake walicheka. Keltum hakuweza hata kukasirika. 

"Vile vitu si vyangu, mwanangu. Niliazima. Walikuwa wageni."

Karani aliacha kutabasamu. Nadhani naye alikuwa na mama. "Andika rufaa," alisema kwa sauti ya chini. "Watakuja tena kukagua. Lakini neno lako peke yako halitoshi. Mwenye vitu aseme mbele yao kwamba ni vyake."

Njiani kurudi ndipo jambo lilipomkaa kichwani, akasimama katikati ya barabara mpaka gari likampigia honi. Tume ilianzia kwa mama Hadda. Siku ile, saa ile, makochi na friji na zulia havikuwa kwa mama Hadda. Na kile chumba?

Alimkuta anapepeta ngano uani.

"Uliwaambia nini kuhusu chumba cha pili?"

Mama Hadda hakuinua macho. "Nilisema paa limeanguka, hakiingiliki. Tunalala watano kwenye mkeka. Kwani uongo? Tunalala watano."

"Ulinipa vitu vyako ili wasivikute."

"Wewe ndiye uliyekuja kuomba."

"Niliomba birika! Makochi ulileta wewe!"

"Na ulikataa?" Sasa mama Hadda alimtazama, na macho yake yalikuwa mekundu, kwa kuwa na yeye usiku hakuwa analala. "Keltum, sikupanga kukuangusha. Nilisema moyoni, wewe utapendeza mbele ya wageni, mimi nitaonekana maskini, na sote tutapata. Nilijuaje kwamba mumeo atasema hana taabu? Nani anaiambia serikali hana taabu?"

"Waambie ni vyako. Neno moja tu. Unisa anakufa mle ndani, unamsikia kupitia ukutani, usiniambie humsikii."

"Namsikia."

"Basi?"

Mama Hadda alikiweka chini kipepeteo. "Wakijua nina chumba kizima na samani, Lazhar anafutwa. Baba wa binti ametoa muda mpaka mwezi wa sita. Mwanangu ana mvi, Keltum. Mvi! Hajawahi kulala chumba kisicho na mama yake." Akafuta uso kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa. "Niombe kingine chochote."

Keltum hakuwa na kingine cha kuomba.

Tume ya rufaa ilikuja bila taarifa, siku ya mvua kubwa. Chokaa ilikuwa imeshabanduka vipandevipande na kuvu imerudi na nguvu mpya. Hapakuwa na kahawa. Unisa alikuwa ameketishwa kwenye godoro, mabega juu, kifua kikipiga mluzi. Keltum alimpa Azedin barua ya daktari kabla hajavuka kizingiti.

Azedin aliisoma, akautazama ukuta, akamtazama mtoto. Kwa muda Keltum aliona kitu kama huruma usoni mwake. Kisha akatoa zile picha.

"Makochi mmeyaficha wapi?"

"Hayakuwa yetu, bwana. Tuliazima ili mkae vizuri."

"Mama, mwezi wa kwanza nilikuta televisheni kila nyumba ya mtaa huu. Wiki hii televisheni zote zimekimbia. Kila mtu amekuwa maskini kwa siku moja. Wimbo huu nimeusikia mara ishirini."

"Wangu ni kweli."

"Basi nionyeshe mwenyewe. Jina moja."

Mvua iligonga mabati. Bujemaa alikuwa anatazama viatu vyake. Tangu siku ya orodha alikuwa hatazami kitu kingine. Ndani, Unisa alivuta pumzi, ikakwama, ikapita.

"Mama Hadda," Keltum alisema. "Mlango ule."

Walivuka ua, Azedin mbele na wale wawili nyuma, mafaili chini ya mwavuli. Mama Hadda alikuwa ameshasimama mlangoni pake, amejitanda shali nyeusi.

"Mimi? Makochi?" Sauti yake ilikuwa imara, ila mikono aliificha. "Bwana, si mlikuja wenyewe? Si mlinikuta kwenye mkeka?"

"Tulikukuta," Azedin alikiri. "Na chumba hiki?"

"Paa limeanguka. Niliwaambia. Ni hatari."

Azedin alimgeukia Keltum na kunyanyua mabega, kalamu tayari mkononi. Na hapo Unisa akaanza kukohoa, kile kikohozi chake kisichokuwa na mwisho, kikavuka ua mzima hadi pale waliposimama. Keltum hakuamua. Baadaye aliapa mara nyingi kwamba hakuamua, na mimi namwamini. Aliona tu bega lake limeshaugonga mlango wa chumba cha pili, mara moja, mara mbili, na kitasa cha kizamani kikang'oka na kipande cha mbao yake.

Paa halikuwa limeanguka. Ndani palikuwa pakavu kabisa. Makochi yalikuwa pale, friji pale, zulia limekunjwa, na katikati kitanda cha harusi kimetandikwa satini nyeupe chini ya nailoni. Yule bwana wa kamera alimulika. Lazhar alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka barabarani, mikate miwili kwapani, naye akasimama kwenye mvua akawatazama watu waliokuwa wanakipiga picha chumba chake.

"Sasa umeona," Keltum alisema. Pumzi zilikuwa zinamwisha kama za mwanawe.

"Nimeona." Azedin aliongea na mwanamke wa mafaili. "Namba themanini na saba. Tamko la uongo. Andika."

"Na sisi?"

"Rufaa yako itasomwa. Utapandishwa alama, sina shaka."

"Tutapata nyumba?"

Azedin alifunga kalamu yake. Alionekana amechoka kweli. "Nyumba za safari hii zimegawiwa, mama. Jina likifutwa, anaingia wa kwanza kwenye orodha ya akiba, na ninyi hamumo kwenye akiba. Mtasubiri awamu nyingine."

"Lini?"

"Wanajenga. Miaka minne, mitano."

"Basi nimevunja mlango wa watu kwa ajili ya nini?"

"Hilo usiniulize mimi," alisema Azedin, akaondoka, na wenzake nyuma yake.

Siku tisa baadaye mjomba wa yule binti alikuja, akaketi dakika kumi bila kugusa kahawa, akarudisha pete. Lazhar alihamia kwa rafiki yake karibu na karakana. Uani pale mama Hadda hakumwitikia Keltum salamu tena. Keltum akija bombani, mama Hadda alikuwa anaacha ndoo yake ijae yenyewe na kuingia ndani. Keltum hakumlaumu. Alikuwa anajilaumu mwenyewe, na siku nyingine alimlaumu Bujemaa, na siku nyingine alimlaumu Mungu, kisha akaomba msamaha na kuanza upya.

Mvua haikukatika wiki ile. Alhamisi asubuhi Unisa alibadilika, midomo ikawa ya bluu. Walimkimbiza hospitali, wakamwekea hewa kwa muda wa saa tatu, kisha daktari akasema hali imetulia na vitanda vimejaa, arudi nyumbani.

"Nyumbani wapi?" Keltum aliuliza, lakini daktari alikuwa ameshaitwa kwa mwingine.

Alasiri alikuwa amekaa na mtoto mapajani, amemwinua wima kwa sababu akilala chali anazama. Ukuta nyuma yao ulikuwa unatoa maji. Bujemaa alikuwa ameenda kutafuta mtu wa kumsihi, yeyote. Unisa hakuwa na nguvu tena za kukohoa, na ukimya ule ulimtisha Keltum kuliko kikohozi. Alikuwa anahesabu pumzi kwa sauti, akifika kumi anaanza upya.

Mama Hadda aliingia bila kubisha hodi.

"Nipe mtoto," alisema.

Keltum alimtazama kama asiyeelewa lugha. Mama Hadda hakungoja. Aliinama, akamnyanyua Unisa kutoka mapajani mwa mama yake, akamfunika kwa shali yake na kutoka naye mvuani. Keltum alimfuata mbio, peku. Mama Hadda aliusukuma mlango wa chumba cha pili kwa mguu, akafika kitandani, akaishika ile nailoni kwa mkono mmoja na kuivuta yote kwa mkupuo mmoja mpaka sakafuni. Akamweka mtoto juu ya satini nyeupe, akampangia mito yote minne mgongoni.

Keltum alinyanyua mguu kuvuka kizingiti.

"Wewe usiingie," mama Hadda alisema, bado amempa mgongo. "Chumba hiki wewe umeshakiona."

Keltum alirudisha mguu. Alibaki amesimama uani, mvua ikimshukia kichwani, akisikiliza pumzi za mwanawe kupitia ule mlango aliouvunja mwenyewe, usiofungika tena.